Barua Zote Zilifika

Shimba alitoa kompyuta mfukoni mwa shati kama mtu anayetoa leso, akaiweka mezani, na Mwalimu Muganyizi akadhani anataniwa.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa kumi, mwaka tisini na nane, watu wametoka misa ya pili. Kompyuta ambazo Mwalimu alikuwa amewahi kuziona maishani mwake zilikuwa mbili, zote za maofisini, kila moja imejaza meza nzima na kufunikwa kitambaa isiingie vumbi. Hii ilikuwa sawa na kitabu cha sala. Aliinyanyua kwa mikono miwili. Uzito wake haukuzidi kipande cha sabuni ya kufulia. Ilikuwa na kifuniko, chini ya kifuniko kioo cha kijivu chenye ukijani, na ubavuni kijiti chembamba kilichochomekwa kama kisu kwenye ala.

"Hii nayo ni kompyuta?" aliuliza.

"Kompyuta kamili, Mwalimu. Nazunguka nayo mji mzima, hakuna anayejua ninayo."

Shimba alikuwa mtoto wa mkulima wa pamba wa Magu. Mwalimu Muganyizi alimfundisha jiografia miaka minne, akampiga viboko kwa uvivu, akamtetea kwa mkuu wa shule aliposhindwa kulipa ada. Sasa alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, msimamizi wa ubora katika kiwanda kimojawapo cha minofu ya sangara, na wiki hiyo ndiyo kwanza amerudi kutoka Ulaya alikokwenda kwa mafunzo ya miezi mitatu. Kuja Mabatini, mjini Mwanza, kumsalimia mwalimu wake kabla ya kwenda kwao Magu kulimfurahisha sana mzee, ingawa hakusema.

Shimba alichomoa kijiti, akagusagusa kioo, na herufi zikaanza kujipanga moja moja: MWALIMU MUGANYIZI. Mzee akavaa miwani akainama. Alikumbuka darasa la kwanza, kule kwao Kagera, walivyokuwa wakiandika kwa kalamu za mawe juu ya vibao vyeusi, na hesabu ikikataa mtoto anatema mate na kufuta kwa kiwiko.

"Kumbe tumerudi kwenye vibao," alisema, na wote wawili wakacheka.

"Ila hiki, Mwalimu, kinaandika mpaka Ulaya." Shimba akaeleza. Unachukua waya wa simu, unachomeka hapa ubavuni. Kidude kinapiga simu chenyewe Dar es Salaam, na kutoka Dar kinaingia kwenye intaneti, dunia nzima. Barua unayoandika hapa, ukihesabu moja mpaka mia, imeshamfikia mtu wa Uholanzi mezani kwake. "Tena si barua tu. Hata kama hujui mtu anakaa wapi, unaandika jina lake, kinatafuta. Juzi nimemtafuta mkufunzi wangu wa kule Ulaya, nikapata mpaka namba ya chumba chake cha kazi."

Sauti ya kumenya ndizi iliyokuwa ikisikika jikoni ilinyamaza. Adventina, mke wa Mwalimu, alitokea mlangoni na kisu mkononi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu.

"Shimba, mwanangu, hebu rudia hapo. Kinatafuta mtu?"

"Kinatafuta, Mama."

"Hata kama amepotea miaka mitano?"

Shimba alimtazama Mwalimu, kisha Mama. Mwanza yote iliyowafahamu ilijua habari za Koku, kwamba alikwenda Uholanzi kusoma na barua zake zikakatika. "Tunaweza kujaribu," alisema kwa upole.

Adventina aliweka kisu sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama, akapiga magoti mbele ya meza kama aliye kanisani, akakitazama kile kioo bila kukigusa. Mwalimu Muganyizi aliona uso wa mkewe ukifunguka kwa namna ambayo hakuwa ameiona tangu kabla nywele zake hazijaanza kuota mvi. Na yeye, aliyekuwa akicheka dakika moja iliyopita, akavua miwani akaikunja.

"Mama Koku, mwache kijana apumzike," alisema. "Amesafiri."

"Atapumzika. Leo si tuna siku nzima?"

Kokulinda alikuwa mtoto wao pekee. Adventina alimpata akiwa na miaka thelathini na miwili, baada ya mimba nne kuharibika, wakati ndugu wa mume walishaanza kuulizana kwa sauti kwamba huyu mwanamke analetewa ndizi za nini kama hazai. Mtoto akakua na akili za kushangaza. Mwaka tisini na moja akapata ufadhili wa kwenda Uholanzi kusomea kazi ya maabara. Parokia ilimwombea misa ya kumsindikiza, na baba yake, ambaye wakati huo alikuwa katibu wa halmashauri ya walei, alisimama mbele ya altare akatoa shukrani kwa nusu saa. Watu walisema siku hiyo Mwalimu alionekana mrefu kuliko siku zote.

Barua zilikuja kila mwezi, miaka miwili na nusu. Zilipitia sanduku la posta la shule, na Mwalimu ndiye aliyezileta nyumbani. Kisha mwezi wa kumi na moja wa mwaka tisini na tatu ikaja moja ambayo haikufika nyumbani. Aliifungua katika chumba cha walimu akiwa amesimama. Koku aliandika kwamba amejifungua mtoto wa kike, ana wiki tatu. Baba wa mtoto ameondoka. Hakuomba fedha wala hakujitetea. Aliomba jambo moja tu: aje nyumbani Pasaka na mtoto, amwachie mama yake kwa mwaka mmoja, yeye arudi kumaliza masomo yaliyobaki.

Mwalimu alikunja barua, akapanda kwenda nyumbani kwa njia ya mawe, akakuta Adventina yuko sokoni. Jiko la mkaa lilikuwa linawaka. Barua haikuchukua hata dakika moja kuwa majivu. Jioni ile ile aliketi akaandika jibu, kurasa mbili, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, na asubuhi akalituma. Alimwambia Koku asikanyage Mwanza na huyo mtoto. Yapo na mengine aliyoandika humo, na hayo miaka yote hakuthubutu kuyarudia hata moyoni.

Tangu hapo Koku hakuandika tena.

Mwaka wa kwanza Mwalimu aliona ni sawa. Mwaka wa pili alianza kusikia kitu kama njaa kifuani, akaandika. Aliandika barua kumi na moja. Za mwanzo zilikuwa za lawama, za katikati za mashauri, na za mwisho zilikuwa za mzee anayeomba: njoo mwanangu, njoo hata na mtoto. Hakuna iliyojibiwa. Adventina, ambaye alijifunza kusoma katika elimu ya watu wazima lakini kalamu ilimchosha, alikuwa akimwambia maneno ya kuongeza mwishoni. Muulize kama ameshamaliza masomo. Muulize kama amepata mchumba. Mwalimu aliitikia, akajifanya anaandika. Angeandikaje? Koku angesoma mstari mmoja tu wa namna hiyo akajua kwamba mama yake hakuambiwa kitu. Kwa hiyo maneno ya Adventina yaliishia hewani, na barua zikaenda za baba peke yake.

"Zinapotea njiani," ndivyo alivyomwambia mkewe kila mwezi. "Ulaya mbali. Mtu akihama nyumba tu, barua haimpati tena." Aliyasema mpaka naye akayaamini. Alilala nayo, akaamka nayo: barua zimepotea, mtoto amehama, hana kosa, nami sina kosa kubwa, ni umbali tu.

Walikwenda kwenye duka la Masele, chini karibu na barabara, palipoandikwa HUDUMA YA SIMU NA FAKSI. Masele alikuwa jirani wa siku nyingi. Aliposikia ni habari ya Koku aliwapisha chumba cha nyuma, katikati ya magunia ya sukari na katoni za mafuta ya kula, akachomoa waya kwenye simu yake mwenyewe akampa Shimba.

Kidude kilipiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa, kisha kikavuma kama mvua juu ya bati, kisha kimya. Kikakatika. Shimba akapiga tena. Mara ya tatu kikashika. Adventina aliketi juu ya gunia, rozari imezungushwa kwenye kiganja. Mwalimu alisimama mlangoni. Alijiambia kwamba Ulaya kuna watu mamilioni kwa mamilioni, kwamba Koku huenda ameolewa na kubadili jina, kwamba kitu kidogo namna ile hakiwezi kumbeba mtu mzima ndani yake. Alimwomba Mungu kisipate. Alipotambua anachoomba, akakosa pa kuweka macho.

"Hospitali moja hapa," Shimba alisema. "Wameorodhesha wafanyakazi wa maabara. K. Muganyizi."

Jina la kwao, lile lile, kwenye kioo, katikati ya majina ya Kizungu. Adventina alinyoosha kidole akaligusa, na kioo kikaruka kwenda mahali pengine, jina likapotea. Alipiga ukelele.

"Usiogope, Mama, lipo. Ukikigusa kinafikiri umekiamrisha." Shimba akalirudisha. "Na anwani yake hii hapa. Tumwandikie sasa hivi?"

"Nitaandika mimi," Mwalimu alisema, akasogea haraka.

"Wewe macho yako yatakusumbua na viherufi hivyo," Adventina alisema. "Ataandika Shimba. Mimi nasema, yeye anaandika."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano maneno ya Adventina yaliandikwa kama alivyoyatamka, na mumewe amesimama pale anasikiliza kama mtuhumiwa anayesomewa shitaka.

"Koku mwanangu. Ni mimi mama yako. Sisi hatujambo, baba yako amestaafu, miguu inamsumbua. Barua tulizokuandikia naona zilipotea. Hatukukasirikii. Umemaliza masomo? Unakula vizuri? Huko kwenye baridi mtu akiugua anauguzwa na nani?" Akaivuta rozari kwenye kiganja. "Umepata mchumba? Mwanangu, mimi nazeeka. Utanipa lini mjukuu nimbebe mgongoni kabla sijafa?"

"Hayo ya mjukuu yaache," Mwalimu alisema. Sauti ilimtoka kwa ukali kuliko alivyotaka.

"Niyaache kwa nini? Si mwanangu?"

"Ataona unamsumbua."

"Shimba, andika," Adventina alisema, na Shimba akaandika.

Kijiti kilipogusa kioo kwa mara ya mwisho, kidude kilitoa mlio mdogo kama wa kifaranga. "Imekwenda," Shimba alisema.

"Imekwenda wapi?"

"Imeshafika, Mama. Ipo kwake."

Adventina akacheka kwa kelele, kisha akafunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanatikisika. Masele aliingia kumpa pole na hongera kwa pamoja. Mwalimu Muganyizi alikuwa akiutazama ule waya mwembamba uliotokea ukutani. Barua ya posta humpa mtu mwezi mzima wa kutumaini, na mwezi mwingine wa kusingizia. Hiki kidude hakikumwachia hata saa moja.

Jumanne mchana hakuweza tena kukaa nyumbani. Alimwambia mkewe anakwenda kutazama bei ya mabati, akaenda zake Igoma, ambako Shimba alikuwa amejenga. Alikaa kwenye benchi la fundi wa kuchomelea vyuma mkabala na geti, cheche zinaruka, mpaka gari la kiwanda lilipomshusha Shimba saa tisa.

"Mwalimu! Mbona umejisumbua? Nilitaka nibadili nguo nije kwenu. Jibu limekuja."

"Umelisoma?"

"Hapana, Mwalimu. Ni la kwenu." Akakitoa mfukoni, akakifungua. "Hakihitaji simu kulisoma. Limo humu humu."

Mzee akavaa miwani, akageuka kukinga jua. Alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akaendelea mpaka chini, kisha akamrudishia Shimba kidude kwa haraka.

"Lifute," Mwalimu alisema.

"Mwalimu?"

"Lifute, Shimba. Umwambie Mama hakuna jibu. Mwambie yule K. Muganyizi ni mtu mwingine."

Fundi alikuwa amezima mashine yake. Shimba alimtazama mzee. Katika macho yale Mwalimu aliona kitu kinashuka, taratibu, kitu ambacho alikuwa amekijenga kwa chaki na viboko kwa miaka mingi, na hakuwa na namna ya kukizuia.

"Nilimpigia Masele saa nane kutoka kazini," Shimba alisema. "Nikamwomba amwambie Mama kwamba jibu lipo. Mama ameshajua. Twende, Mwalimu."

Walimkuta Adventina ameoga, amevaa kitenge chake cha Krismasi, kiti kimoja amekiweka nje ya mlango kwenye mwanga. Hakumuuliza mumewe bei ya mabati. Alipokea kidude kwa mikono miwili kama anayepokea komunyo, Shimba akamwonyesha pa kugusa ili maandishi yapande, naye akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole hewani, kama walivyofundishwa kwenye ngumbaru, ile elimu ya watu wazima.

"Baba na Mama, shikamooni. Barua zote zilifika. Hakuna iliyopotea. Hata ile ya Novemba tisini na tatu, ninayo mpaka leo."

Alinyanyua macho. "Novemba tisini na tatu tuliandika nini?"

Mwalimu alikuwa anatazama barabarani. Adventina akaendelea kusoma.

"Baba aliandika nisije nyumbani na mtoto. Hilo ningelivumilia. Lakini aliandika kwamba Mama naye amesema mtoto huyo asiletwe machoni pake, na kwamba kwa Mama mimi nimeshazikwa. Nilisubiri Mama aandike kwamba si kweli. Barua kumi na moja zimekuja na hakuna hata neno moja la Mama. Leo ndiyo naona maneno yake, ananiuliza lini nitampa mjukuu. Sijui kama ni Mama kweli au ni Baba ananikejeli. Mjukuu mlimpata. Alikuwa wa kike. Nilimwita Adventina. Alipofika miezi mitano nilimkabidhi kwa watu wengine, kwa sababu sikuwa na mtu hapa, na huko sikuwa na mtu pia. Nilitia sahihi kwamba sitamtafuta. Jina walilibadilisha, sijui anaitwaje sasa. Nina afya na nafanya kazi. Hapa mlipoandika ni kazini kwangu, naomba msiandike tena. Siwachukii. Ni kwamba sina la kuwaambia. Kokulinda."

Adventina aliposoma jina lake mwenyewe katikati ya maneno yale hakusimama, alilipita kama mtu anayepita kaburi la asiyemjua, na ni pale alipofika mwisho ndipo aliporudi juu kulitafuta. Alishindwa kukiongoza kile kioo. Shimba akamsaidia. Akalisoma tena.

"Mimi nilisema lini?" aliuliza. Hakupaza sauti. "Baba Koku. Mimi nilisema lini maneno haya?"

"Mama Koku..."

"Nani alikuambia mimi nimesema?"

Mwalimu Muganyizi alifungua kinywa. Alikuwa amefundisha miaka thelathini na minne, hajawahi kukosa neno mbele ya watu. Kilichotoka kilikuwa kidogo kama cha mtoto. "Nilitaka akuogope. Nilijua mimi peke yangu hatanisikia."

Shimba aliinuka akasogea upande wa pili wa nyumba, akageukia mawe. Adventina hakulia na hakumrukia mumewe. Aliinuka, akajitanda khanga, akamfuata Shimba. "Mwanangu, twende kwa Masele," alisema. "Haraka, kabla Koku hajatoka kazini."

Mwalimu aliketi peke yake kwenye kiti kile cha nje. Yaliyoandikwa huko aliyasikia baadaye kwa Masele, ambaye hakuweza kuyaficha. Adventina alisema: Koku, sikujua. Naapa mbele ya Mungu, sikujua. Ningemlea. Ningemlea hata ungekuwa umezaa kumi. Mwanangu, nilikuwa hapa siku zote. Akataka yaandikwe mara mbili, kwa sababu aliogopa mara moja haitoshi. Yakaenda, na kidude kikalia mlio wake wa kifaranga.

Siku ya kwanza haikuleta jibu, wala ya pili, wala wiki ya kwanza. Shimba alipita kila jioni akitoka kazini, na kila jioni Adventina alikuwa amekaa pale nje. Alikuwa ameacha kuuliza. Alimtazama tu usoni akiwa bado mbali, na Shimba alitikisa kichwa kabla ya kumsalimia. Kijana alianza kukichukia kile kidude alichokuwa akijivunia. Alisema siku moja kwamba afadhali asingekitoa mfukoni.

"Kuna namna ya kujua kama amesoma?" Adventina alimuuliza.

"Hapana, Mama. Najua imefika. Kama ameifungua, au ameifuta kwa kuona tu imetoka wapi, hilo siwezi kulijua."

Wiki ya tano Adventina aliomba waandike tena. Safari hii barua ilirudi saa ile ile, na maneno ya Kiingereza juu yake: anwani hiyo haipo. Shimba akaitafuta ile orodha ya wafanyakazi wa maabara. Majina yalikuwepo yote, la K. Muganyizi limeondolewa. Alitafuta tena kwa jina zima, kwa nusu jina, kwa herufi zilizogeuzwa, mpaka Masele akahitaji simu yake. Koku alikuwa ameondoka pale, amekwenda pengine katika dunia ile kubwa, na safari hii hakuacha jina lake mahali popote.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana ambacho hakuna aliyekigusa, Adventina alimletea mumewe daftari na kalamu.

"Iandike," alisema.

"Niandike nini?"

"Ile barua. Iandike kama ulivyomwandikia."

"Mama Koku, kwa ajili ya Mungu. Miaka mitano hiyo. Sikumbuki."

"Unaikumbuka."

Aliikumbuka. Alipoweka kalamu kwenye karatasi ilimtoka yote, kurasa mbili, neno kwa neno, na nukta mahali pake, kama shairi alilokariri utotoni. Mkewe alikaa mkabala naye akisubiri. Alipomaliza aliichukua, akaisoma kwa sauti mpaka mwisho bila kukwama popote, akaikunja, akaitia kwenye pochi aliyowekea rozari yake. Mwalimu alimwomba msamaha. Alipiga magoti, mzee wa miaka sitini na mitatu mwenye miguu mibovu, akamshika miguu.

"Inuka," Adventina alisema. "Utaumia."

Halikuwa neno la msamaha, wala halikuwa la hasira. Alimsaidia kuinuka, akampangusa vumbi magotini, na baada ya hapo hakuzungumza naye tena ila kumwambia chakula kipo au maji yamekwisha. Mwezi wa kumi na mbili ulipoanza alifunga nguo zake katika mabegi mawili. Alikuwa anakwenda Muleba kwa dada yake Justa, ambaye ni mjane na anaishi peke yake kwenye shamba la migomba. Shimba ndiye aliyekuja na gari kumpeleka. Mwalimu alibeba begi moja mpaka barabarani. Alitaka kuuliza atarudi lini, akaogopa jibu, akauliza kama amechukua sweta.

"Nimechukua," Adventina alisema, akapanda.

Krismasi ilipita. Mwalimu alijifunza kupika ndizi, zikawa ngumu mara nyingi, akazila hivyo hivyo. Shimba hakuja tena. Walipokutana barabarani alimwamkia shikamoo kwa heshima zote, akapita. Parokiani walimwomba arudi kwenye halmashauri, akasema miguu haimruhusu.

Jumamosi moja mwezi wa pili alishuka dukani kununua mafuta ya taa. Masele alikuwa anapima sukari, na mbele yake wamejaa wateja, wanawake wa mtaani waliomjua yeye na mkewe kwa miaka ishirini. Mmoja wao, Paskazia, aliyekuwa akiimba kwaya na Adventina, aligeuka akamwuliza kwa furaha:

"Mwalimu, shikamoo! Mama Koku tumemkosa siku nyingi. Hajambo huko Muleba?"

Masele aliinamia mzani wake.

"Hajambo kabisa," Mwalimu Muganyizi alisema. "Anawasalimu. Juzi tu nimepata barua yake. Anasema mwezi ujao anarudi."

"Haya, utusalimie sana," Paskazia alisema.

"Zimefika," alisema Mwalimu, akapokea mafuta yake, akaanza kupanda kwenda nyumbani, taratibu, akisimama kila penye jiwe la kushikilia.